Mto wa Kiti cha Mzee Swalehe

Siku mliyoniaga mlinipa keki, vitenge viwili na nafasi ya kuhutubia. Nikasema "asanteni", nikaanza kulia, na kipaza sauti kikapewa mtu mwingine. Haya ndiyo niliyotaka kusema. Ni marefu kidogo, lakini sasa nina muda.

Sitasimulia nilivyopandishwa cheo. Cheo ni habari ya kuwaeleza wakwe. Ninataka kuwaeleza habari ya viti na meza, na ya mtu aliyenifundisha kazi, kwa sababu wengi wenu mmeingia karakana yetu ya Gitega mkakuta kila kitu kipo mahali pake, mkadhani kilizaliwa hivyo.

Mimi nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Niliporudi Burundi nilikuwa mtu mzima, nina mume na watoto, na Kirundi changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Tulipata shamba la baba mkwe huko Gashoho, mkoani Muyinga. Mume wangu alilipenda shamba lile kama mtu aliyepata jino lake lililopotea. Mimi nililima pia, ila sokoni watu walinicheka nikizungumza, na nyumbani nilikosa hata redio ya kunipa habari kwa lugha ninayoielewa, maana yetu ilikufa njiani tukirudi.

Siku moja nikaibeba ile redio hadi Muyinga mjini. Wakanielekeza kwenye mtaa wa Waislamu, kwa fundi mmoja aitwaye Mzee Swalehe. Nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda, mgongo umekunjika kama ndoano, redio ya mtu iko wazi mapajani mwake. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili. Karibu nimkumbatie.

"Hii redio haiko na ugonjwa kubwa," alisema baada ya kuifungua. "Iko tu na waya moja imechoka. Mama, shika hii tochi. Hapana, si hapo. Umulike pale mkono yangu inaenda, si pale iko."

Nilimulika. Akaniuliza kama ninaiona sehemu iliyoachia. Nikaiona kabla hajaninyooshea kidole. Akaniangalia juu ya miwani yake, akanipa pasi ya kuchomea risasi, ile madini laini ya kuungia waya, pasi ya zamani iliyopashwa moto kwenye makaa, akasema, "Bon. Funga mwenyewe."

Nilifunga vibaya, lakini redio ikasema. Wiki iliyofuata nikarudi bila redio. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisogeza kreti ya pili.

Nilijifunza kwake miaka kadhaa, nikitoka Gashoho siku za soko na nyingine zozote ambazo shamba liliniachia. Wanawake wa mtaa ule walishangaa kwanza, halafu wakazoea, halafu wakaanza kuniletea mimi redio zao ili wasikemewe na Mzee kwa kuziangusha. Alinifundisha kwamba risasi ikiyeyuka vizuri hung'aa kama maji, na ikiyeyuka vibaya huwa na rangi ya majivu. Alinifundisha kusubiri. Kitu kimoja hakunifundisha, kwa sababu yeye mwenyewe hakukijua: kukaa. Jioni tuliinuka kwenye zile kreti kwa kushikana, tukicheka, kila mmoja akidai kwamba ni mwenzake aliyezeeka.

Kisha ikafunguliwa karakana ya kuunganisha taa za jua huko Gitega. Walitafuta mtu wa kusimamia meza ya matengenezo, yaani meza inayopokea kadi zote zilizokataa. Kadi, kwa asiyejua, ni kile kibao chembamba cha kijani ndani ya taa, chenye vijidude vidogo kama chawa vinavyoiambia taa iwake na betri ijae. Wakamwita Mzee Swalehe. Mkewe, Mama Zaituni, alikuwa mwenyeji wa Gitega, na nyumba ya kwao ilikuwa mtaa wa Yoba, kwa hiyo hakukuwa na mjadala mrefu. Mzee akawaambia wenye karakana kwamba anakuja, lakini anakuja na mtu. Mtu huyo ndiye mimi. Mume wangu akabaki na shamba lake, mimi nikawa wa kwenda na kurudi, na ninyi mnaijua barabara ile.

Siku ya kwanza nilifikiri tumeingia hospitali. Makoti, meza zilizofunikwa mkeka wa mpira, na kila mtu amefungwa waya mkononi kama mbuzi. Waya ule tuliuita braseleti. Aliyetufundisha maana yake alikuwa Enjenia Prosper, kijana aliyekulia Mushasha, hapohapo Gitega, kwenye shule za mapadri, mpole, mwenye tabia ya kuomba samahani kabla ya kusema jambo.

"Samahani, Mama Esta," aliniambia. "Unajua ile cheche unasikia wakati unatoa sweta asubuhi ya baridi? Ile ni umeme tuli. Iko kwenye mwili yako, we hauioni. Kwako ni kitu kidogo. Kwa kadi ni radi. Donc, braseleti inaupeleka kwenye ardhi polepole, kabla haujagusa kadi."

"Na kadi ikipigwa, inaonekana?" Mzee aliuliza.

"Mara nyingine hapana, Mzee. Inaweza kupita hata vipimo vya kwanza. Inakufa baadaye."

Mzee akatikisa kichwa. "Kama mtu," akasema, akajifunga braseleti yake.

Meza zile zilitoka nje ya nchi zikiwa tayari, zote kimo kimoja. Spès, mwenzetu wa meza ya matengenezo, aliyekuwa mfupi kuliko sisi wote, alifanya kazi mabega yakiwa masikioni. Mimi niliinama. Mzee aliinama zaidi, kwa kuwa macho yake yalitaka kuwa karibu na mgongo wake ulikuja na historia ya kreti. Nyaya za braseleti nazo zilikuwa fupi, zimechomekwa upande wa kushoto, hata kwa anayetumia mkono wa kushoto. Hatukulalamika. Tulikuwa tumezoea kwamba chombo kikikuumiza, kosa ni la mwili wako.

Miaka ikaenda hivyo. Mgongo wa Mzee ukawa mbaya. Alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi, anashika ukingo wa meza, anasubiri maumivu yapite, halafu anamalizia sentensi yake kama hakuna kitu. Kila mara alifungua braseleti, akainuka, akazunguka meza, akarudi. Hapo ndipo Mama Zaituni alipomshonea mto wa kiti. Alikuwa fundi cherehani, na mto ule haukuwa mto wa mchezo: sponji nene, juu kitambaa cha zambarau kinachong'aa, kile cha nguo za harusi, na kamba za kufungia kwenye kiti. Mzee aliuleta umefungwa kwenye gazeti. Tulimtania wiki nzima kwamba sasa amekuwa sultani. Alicheka, akaketi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona akimaliza asubuhi bila kukunja uso.

Kiangazi kilipoingia, zile asubuhi za Gitega za baridi kavu ambapo midomo hupasuka, kadi zake zikaanza kufa.

Kila mmoja wetu alikuwa na rangi yake ya kutia nukta kwenye kadi aliyoishughulikia. Ya Mzee ilikuwa bluu. Kadi ilitoka mezani kwake ikiwa nzima, ikapita vipimo vya kwanza, ikapelekwa kuwashwa mchana kutwa, na jioni inarudi imekufa, na nukta ni ya bluu. Mwanzoni tulisema ni bahati mbaya. Halafu Spès akawa anageuza zile kadi zikiwa kwenye trei ili nukta isionekane. Nilimwona. Mimi pia nilikuwa nikifanya hivyo.

Mkurugenzi alimwita Enjenia, Enjenia akaniita mimi. Alikuwa amefadhaika.

"Samahani, Mama Esta. Wanasema Mzee apumzike. Wanasema ni macho, ni mkono. Mi nimeomba wanipe hadi mwisho ya mwezi. Lakini mi sioni ni nini. Kazi yake nimeiangalia chini ya lenzi. Ni nzuri kuliko yangu."

Kumbe Mzee mwenyewe alikwisha kujihukumu. Asubuhi iliyofuata alinikuta nikivaa koti. Akanipa kibanio chake, kile chembamba cha chuma cha kushikia vijidude, alichokuja nacho kutoka Muyinga na ambacho hakuna aliyeruhusiwa hata kukipuliza vumbi.

"Chukua," alisema. "Mi nimekwisha, mwanangu. Mikono yangu inanidanganya. Naona nimefunga vizuri, kumbe sijafunga."

"Mzee, hapana. Enjenia ameangalia kazi yako. Ni safi."

"Sasa juu ya nini zinakufa?"

Nilimrudishia kibanio, akakikataa, nikakiweka mezani pake, na kikabaki hapo kati yetu siku ile nzima kama mtoto wa wazazi waliogombana. Msiniulize kama nilifanya kazi vizuri. Nukta zangu zilikuwa za kijani, na siku ile sikustahili hata moja.

Kesho yake maumivu yalimkamata akiwa amekaa. Alishafungua braseleti ili ainuke kama kawaida yake, lakini akakwama nusu, si amekaa, si amesimama. Nikaenda mbio, nikampa mkono. Alipovutika kutoka kwenye kile kiti, vidole vyetu vikagusana.

Tsst!

Nilirusha mkono kama nimeguswa na nyuki. Naye pia. Tukatazamana.

"We umenipiga?" akauliza.

"Wewe ndiye umenipiga mimi, Mzee."

Ndipo nikautazama ule mto wa zambarau. Ulikuwa umeng'ang'ania suruali yake, kipande cha kitambaa kimesimama hewani chenyewe. Nikamwomba asimame vilevile asiguse kitu, nikamwita Enjenia Prosper. Akaja na kipimo chake kidogo cha umeme tuli, akakisogeza kwenye mto bila kuugusa. Namba zikaruka mpaka mwisho. Akamwomba Mzee aketi, ainuke tena. Zikaruka tena. Enjenia akavua miwani, akajifuta uso.

"Mungu wangu," alisema. "Nilitafuta kwenye meza, kwenye pasi, kwenye maji ya kusafishia. Kiti sikukiangalia."

Tuliketi wote watatu tukaipanga habari yote. Mgongo ulimuuma, akawa anainuka mara kwa mara. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo kila akiinuka alilazimika kujifungua. Kila akiinuka kutoka kwenye sponji na kitambaa kile, mwili wake ulijaa umeme. Na akirudi, kwa kuwa kukaa kulimuuma, alishika meza kwanza ili ajishushe, mkono ukigusa kadi, ndipo akavaa braseleti. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Maumivu yake ndiyo yaliyokuwa yakiua kadi, na dawa aliyopewa ya maumivu, yaani mto, ikawa inayasaidia kuua.

Nilitegemea Mzee afurahi. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Zaituni asijue."

"Mzee, mto lazima utoke hapa."

"Utoke. Lakini yeye asijue. Alishona usiku mbili, na macho yake si mazuri. Ntamwambia umeibwa."

Enjenia akasema samahani, lakini mto hauwezi kuibwa karakana ambayo hata kalamu inafungwa kamba. Mzee hakucheka.

Jioni nilikwenda Yoba peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, nikiyapangua. Mama Zaituni alinikaribisha chai ya tangawizi, akaniuliza habari za Gashoho, za mume, za maharage, kwa utaratibu, kama ambavyo watu wenye adabu hufanya hata wakijua una jambo. Mwishowe akakunja mikono mapajani.

"Sema, Esta. Wamemfukuza?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini haongei? Anakuja, anaswali, anakula kidogo, anaangalia mikono yake. Mi nalala na mtu anaangalia mikono yake!"

Nikamweleza. Nilimweleza kama Enjenia alivyotueleza, cheche, sweta, mwili, kadi. Nilipofika kwenye mto, alishafika kabla yangu. Aliziba mdomo kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika. Nikashuka kwenye kiti nikampigia magoti, nikidhani analia.

Alikuwa akicheka, machozi yanamtoka.

"Yoo! Miaka yote ile ananiudhi, sijawahi kumfanya kitu," alisema. "Siku nimemwonea huruma, ndiyo nimeua lampa za watu!" Akajifuta, akawa mtulivu ghafla. "Donc, mikono yake iko mizima?"

"Mizima kabisa, mama."

"Alhamdulillah." Akarudia mara kadhaa, polepole. Kisha akainuka, akawasha taa ya cherehani. "Niambie kitambaa gani hakina hiyo cheche. Mgongo wake bado unauma, na mi bado niko fundi."

Kesho yake alikuja mwenyewe karakana, amevaa vizuri, na utepe wa kupimia shingoni. Mzee alipomwona mlangoni alitafuta pa kujificha. Mkewe alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake.

"Ulitaka kusema umeibwa?" akamuuliza.

"Mi? Hapana."

"Swalehe."

"Nilifikiri kidogo tu."

Hatukuthubutu kucheka mpaka alipocheka Mama Zaituni.

Enjenia alieleza kinachotakiwa. Mama Zaituni alifumua mto wote, akaujaza pamba badala ya sponji, akaushonea kitambaa cha pamba. Lakini Enjenia alisema hewa ya kiangazi ikikauka, hata pamba peke yake haitoshi. Tukachukua mkeka wa mpira, ule maalumu unaopitisha umeme tuli, uliokuwa umetolewa kwenye meza iliyovunjika, tukakata sehemu iliyokuwa bado nzima, na Mama Zaituni akaivisha juu ya mto kama foronya, akilalamika kwamba sindano yake haikuumbwa kwa kushona matairi. Tukaunganisha waya kutoka kwenye foronya ile hadi chini kwenye ardhi. Enjenia akapima. Mzee akaketi, akainuka, akaketi, akainuka. Kipimo kikalala.

Hatukuishia hapo. Waya wa braseleti tulitafuta mrefu, wa kujikunja kama kamba ya simu ya zamani, tukauhamishia upande unaomfaa Mzee, ili mtu ainuke na anyooshe mgongo bila kujifungua. Seremala akainua meza ya Mzee kwa vipande vya mbao mpaka ikafika kwenye viwiko vyake. Mzee alipofanya kazi ya kwanza bila kuinama aliinua macho, akasema, "Kumbe dirisha letu linaona mlima." Alikuwa amefanya kazi mbele ya dirisha lile tangu karakana ifunguliwe.

Nukta za bluu ziliacha kurudi. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa haraka, alikuja mwenyewe kumpa Mzee mkono. Siku hiyohiyo Spès akasimama mbele ya Enjenia, mikono kiunoni, akasema, "Na mi? Mi mabega yangu hayana bibi wa kuyashonea." Ndivyo ilivyoanza ile kazi yangu mliyoniona nikiifanya hadi mwisho, ya kupita na utepe nikiwapima viwiko, magoti na urefu wa waya, huku mkinong'onezana kuwa ninapima sanduku la maiti. Nilisikia. Masikio yalikuwa mazima.

Niwaambie la maana, kwa sababu wengine mmeanza tena kuweka masweta kwenye viti. Mtu anayeumia hatafuata kanuni. Si kwamba ni mkaidi, mwili wake unatafuta njia ya kupumua. Ukimkuta mwenzako amefungua braseleti, usianze na ukali. Muulize kwanza anaumwa wapi. Ukishajua, kanuni utaiweka kwa urahisi.

Mzee alifanya kazi nasi miaka mingine mizuri, kisha akaaga, akarudi Muyinga na mkewe. Nilipita kwao kila nilipokwenda Gashoho. Mwaka wangu wa mwisho kazini alipata kiharusi. Upande mmoja ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta kitandani, kitanda cha chini kabisa, karibu na sakafu. Mama Zaituni alikuwa amepiga magoti akimlisha uji kwa kijiko, mkono mmoja umemshika kichwa. Alijaribu kuinuka kunisalimu, akashindwa, akashika ukuta. Nikauona uso wake. Uso ule nilikuwa ninaufahamu. Niliuona kwa Mzee kazini kwa miaka.

"Mama, mgongo unakuuma tangu lini?"

"Aa, si kitu. Mgonjwa ni yeye."

Sikubishana. Nilitoka nikaomba matofali kwa jirani aliyekuwa akijenga. Vijana wawili wa mtaani wakanisaidia: tukamwinua Mzee kwenye kochi, tukaweka matofali chini ya kila mguu wa kitanda, tukalaza mbao juu ya matofali ili kitanda kisiteleze, nikakitikisa kwa nguvu zangu zote mpaka nikaridhika. Mzee alitufuata kwa macho muda wote. Tulipomrudisha, nilimpanga mgongo kwa mito, nikaleta kiti chenye egemeo, nikakiweka upande ambao mkono wake bado ulikuwa na nguvu.

"Kaa, mama," nikasema.

Mama Zaituni alisitasita, kama mtu aliyeambiwa akalie kiti cha mgeni. Aliketi. Akachukua bakuli. Mkono ulifika mdomoni mwa mumewe bila yeye kuinama, na nikamwona akishtuka kidogo, akashusha mabega, akavuta pumzi ndefu.

Mzee alimeza. Akamwangalia mkewe vizuri, uso kwa uso, maana sasa nyuso zilikuwa kimo kimoja. Midomo ilihangaika na neno.

"Zaituni," alisema. "Umenenepa."

Mama alimpiga begani kwa kijiko, uji ukamwagika kwenye shuka, na wote wawili wakaanza kucheka. Nikatoka nje nikawaacha.